Kadi ya uthibitisho iliyoniponza: mambo ya kuangalia kabla ya kununua mkoba wa jina kubwa

Nauza mikoba ya mitumba Kongowea. Wateja wangu wengi ni walimu, wauguzi na kina dada wanaojiandaa kwa harusi. Mwaka juzi nilimuuzia mwalimu mmoja Speedy ya Louis Vuitton kwa shilingi 15,000. Sikukusudia kumdanganya, kwani hata mimi nilikuwa nimeaminishwa. Mkoba ulikuja na mfuko wake wa kitambaa na kikadi kilichoandikwa kwamba ni halisi, nami nikamwonyesha kile kikadi kana kwamba ni hati ya shamba.

Miezi mitatu baadaye dadake alirudi likizo kutoka Dubai, anakofanya kazi katika duka la mikoba iliyotumika. Aliugeuza mara moja tu, akacheka. Mwalimu alikuja kibandani kwangu wateja wakiwa wamejaa, akauweka mkoba mezani na kusema, "Mama, umeniuzia feki." Pesa zake nilizirudisha kwa awamu mbili.

Kilichonisuta ni kile kikadi. Louis Vuitton hawatoi kadi ya kuthibitisha kwamba mkoba ni wao. Chanel ndio waliokuwa wakitoa kadi yenye nambari, hadi mwaka 2021 walipoanza kuweka kibati chenye chipu ndani ya mkoba. Basi watu hudhani kila kampuni hufanya vivyo hivyo, na waigaji wanalijua hilo.

Jambo la pili aliloliona yule dada ni upande wa nyuma. Speedy ya kawaida yenye maua na herufi LV hukatwa kwa kipande kimoja kinachopita chini ya mkoba na kupanda upande wa pili. Kwa hiyo upande mmoja herufi husimama wima, na upande wa pili huwa kichwa chini. Wangu ulikuwa wima pande zote mbili, na chini ulikuwa na mshono uliounganisha vipande viwili. Mtu asiyejua angeukataa ule halisi akidhani umekosewa! Lakini usilichukue hili kuwa kanuni ya kila mkoba wa LV. Kuna aina nyingine zinazoshonwa kwa vipande. Jua kwanza aina unayonunua, kisha ulinganishe.

Angalia pia mikono. Kwenye Speedy hiyo, mwili si ngozi bali ni kitambaa kilichopakwa utandu wa plastiki. Ngozi ni mikono na ukingo, nayo huwa nyeupe kama maziwa ya chai mkoba ukiwa mpya, kisha hubadilika kuwa rangi ya asali kadiri inavyopigwa na jua na jasho la mkono. Na joto letu la Mombasa, haichukui muda. Muuzaji akikuambia mkoba una miaka kumi na mikono bado inang'aa, muulize kama ilibadilishwa. Akikuambia mwili mzima ni ngozi tupu, hajui anachouza.

Ndani ya mikoba mingi ya LV ya miaka iliyotangulia 2021 kuna herufi mbili na tarakimu nne. Baada ya hapo waliweka chipu. Kwa mikoba ya kuanzia 2007, tarakimu ya kwanza na ya tatu ni wiki, na ya pili na ya nne ni mwaka. Mathalani 2170 ni wiki ya 27 ya mwaka 2010. Ukipata wiki ya 64, rudisha mkoba mezani. Hata hivyo nambari sahihi haitoshi, kwa sababu hunakiliwa kutoka mikoba halisi. Na usishtuke ukiona umeandikwa kwamba umetengenezwa Uhispania au Marekani, maana wana viwanda huko pia.

Kwa Chanel ile ya mishono ya almasi, mimi huangalia mfuko wa nyuma: mistari ya mfukoni inapaswa kuendelea na ya mwilini bila kuruka.

Bei nayo ina maneno yake. Louis Vuitton huuza katika maduka yao na tovuti yao tu, na hawana mauzo ya punguzo. Anayekuambia ameupata mpya kwa nusu bei dukani kwao anakupiga hadithi. Michael Kors ni tofauti. Wana maduka ya bei ya punguzo, kwa hiyo bei ndogo peke yake si ushahidi dhidi yao.

Wenzangu wa biashara, hasa mnaouza mtandaoni, mjue kwamba Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inamlenga anayeuza au kuweka bidhaa hizo kwa biashara, na kifungo kinaweza kufika miaka mitano kwa kosa la kwanza. Kuandika "kopi safi" kwenye tangazo ni kukiri kwa mkono wako.

Siku hizi mkoba nisioujua nauuza kama mkoba tu, kwa bei ya mkoba, na namwambia mteja hivyo. Wa yule mwalimu ninao bado, umening'inia nyuma ya kiti changu na kikadi chake. Hauuzwi. Mteja akiniletea picha ya simu na kuniuliza kama ni halisi, namwambia aombe picha ya upande wa nyuma kwanza, kisha namgeuzia wangu aone.