Kasoro Isiyoandikwa Haina Fundi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga waliponena hivyo hawakuwa wameiona ndege, lakini methali hiyo inafaa kubandikwa katika kila chumba cha rubani na katika kila karakana ya mafundi.

Kila ndege ya abiria huwa na daftari ambamo rubani huandika kasoro aliyoiona safarini. Fundi huisoma, huishughulikia, kisha huandika alilolifanya na kutia saini. Aghalabu wawili hawa hawaonani. Mmoja amekwisha kwenda kulala, mwenziwe yu chini ya bawa usiku wa manane. Mazungumzo yao yote ni mistari michache ya daftari, na hapo ndipo uhasama huzuka. Fundi hulalamika kwamba rubani ameandika kwa mkato tu, "redio ina matatizo", pasi na kueleza ni lini, wala katika hali gani. Rubani naye hujibiwa, "Imepimwa, kasoro haikuonekana," akahisi kwamba anaitwa mwongo. Ilhali fundi amesema kweli: ameipima ndege ikiwa imetulia ardhini, na kasoro ilijitokeza angani. Fauka ya hayo, wakubwa wa shirika wanataka ndege iondoke kwa wakati. Anayeandika kasoro huonekana mkorofi, na anayeizuia ndege huonekana mvivu.

Tutazame kisa kimoja. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ndege aina ya Boeing 737 MAX ya shirika la Lion Air ilitoka Denpasar kwenda Jakarta, nchini Indonesia. Kifaa cha kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo kilikuwa kibovu. Usukani wa rubani ukatetemeka kutoa onyo, na mfumo wa kompyuta ukawa unaisukuma pua ya ndege chini. Marubani walizima swichi za umeme unaoendesha bawa la mkiani, wakaifikisha ndege salama. Katika daftari, rubani aliandika kuhusu vipimo vya mwendo na kimo kutopatana, na kuhusu taa moja ya tahadhari. Hakuandika kwamba usukani ulitetemeka. Hakuandika kwamba walizima swichi. Mafundi wakayashughulikia yaliyoandikwa, wakapima, wakaridhika. Asubuhi iliyofuata ndege hiyo iliruka ikiwa na kasoro ile ile, ikaanguka katika Bahari ya Java. Watu 189 walifariki.

Nisieleweke vibaya. Ripoti ya wachunguzi wa Indonesia ya mwaka 2019 ilitaja sababu kadhaa, na daftari lilikuwa mojawapo tu. Kampuni ya Boeing yenyewe haikuwa imeutaja mfumo ule wa kompyuta katika vitabu walivyopewa marubani. Aliyeiunda ndege alinyamaza, na rubani akaeleza nusu. Fundi, aliyekuwa mwisho wa foleni, aliletewa masalio ya habari. Tarehe 10 Machi 2019 mfumo uo huo uliiangusha ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi. Miongoni mwa watu 157 waliokufa, Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kwa hivyo kadhia hii si ya mbali.

Katika isimu, mwanafalsafa H. P. Grice alieleza katika makala yake ya mwaka 1975 kwamba wanaozungumza hutarajiana kutoa habari kwa kiasi kinachohitajika. Kiasi hicho hutegemea anachokijua msikilizaji. Rubani aliyehisi usukani ukitetemeka mikononi mwake anaweza kudhani jambo hilo ni dhahiri. Kwa fundi ambaye hakuwako, lisiloandikwa halikutokea.

Walimu wenzangu, tunafunza uandishi wa ripoti kila mwaka. Mwanafunzi hukariri muundo: kichwa, utangulizi, mwili, hitimisho, sahihi. Hupata alama zake, akaondoka. Ni wangapi kati yetu humwuliza, "Atakayesoma hii hakuwako, je, ataweza kutenda kwa maneno haya pekee?" Jaribuni zoezi hili: mwanafunzi mmoja aeleze kwa maandishi hitilafu ya bomba la maji la shule, kisha mwingine ambaye hajaliona atumwe akaitafute. Akishindwa kuipata, ripoti irudi kwa mwandishi wake.

Lakini ufasaha pekee hautoshi. Mtoto anayeripoti kwamba dawati limevunjika, akaulizwa kwa ukali ni nani aliyelivunja, kesho atanyamaza. Huyo ndiye rubani wa kesho, au fundi, au muuguzi anayempokeza mwenziwe zamu. Tukitaka aandike ukweli wote atakapokuwa mtu mzima, yatupasa kuanza kwa kuupokea bila kumkaripia angali darasani.