Rimu Chini ya Mkwaju

Sogeeni, wapwa zangu. Sogeeni karibu na moto mjomba awaone nyuso. Mmetoka shule leo? Vizuri. Sasa niambieni, kabla hamjaingia darasani mlisikia nini?

Ngo! Ngo! Ngo!

Ndiyo. Rimu la gari, lile linaloning'inia kwenye mkwaju na kugongwa kwa kipande cha nondo. Kila asubuhi linalia, na kila asubuhi mnakimbia.

Palikuwa na mtoto mmoja hapa Bariadi, jina lake Kabula, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. Kabula alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja wenzake walipokwenda nyumbani, yeye alibaki chini ya mkwaju akalitazama rimu, akauliza, "Wewe, nani alikugonga mara ya kwanza?"

Swali tamu kama matobolwa! Watu wazima wamepita chini ya mti ule miaka mingi, na hakuna aliyeuliza. Rimu likafurahi mno. Likajibu.

"Mimi sikuzaliwa kengele," likasema. "Nilizaliwa gurudumu. Nilibeba pamba ya hapa Ntuzu kwenda kwenye vinu, msimu hadi msimu, mpaka siku moja nikapasuka na kutupwa kando ya njia. Lakini shule ya hapa ilinitangulia. Ya zamani nilisimuliwa na mkwaju. Miti haisahau."

"Basi nisimulie ulivyosimuliwa," akasema Kabula, akaketi.

Rimu likaanza mbali. Mwaka 1868, kaskazini kabisa mwa Afrika, katika mji wa Algiers, askofu mmoja aitwaye Lavigerie alianzisha shirika la wamisionari. Walivaa kanzu nyeupe na rozari shingoni. Kwa sababu ya kanzu hizo watu wakawaita Mapadre Weupe.

"Si kwa sababu ya ngozi?"

"Hapana, Kabula. Kwa sababu ya kanzu. Umefanya vema kuuliza, maana hata wakubwa hukosea hapo."

Mwaka 1878 kundi lao la kwanza lilitoka Bagamoyo kwa miguu. Hapakuwa na basi. Palikuwa na wapagazi, mizigo kichwani, na homa. Walitembea miezi mingi. Mwisho wa mwaka ule wakafika Kageye, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma. Wengine wakavuka maji kwenda Buganda. Kisha mwaka 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Kutoka huko mpaka kwenu Bariadi ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

"Na wakaleta shule?"

"Ngoja, Kabula, tusikimbie. Walileta dini. Na dini ile ilihitaji kusoma."

Hapo sikilizeni vizuri, wapwa zangu. Mama akitaka kupika ugali, anawasha moto kwanza. Kwa wale mapadre dini ilikuwa ugali, na kusoma ulikuwa moto. Waliwasha moto kwa ajili ya chungu kimoja. Lakini moto hauchagui chungu. Mtu aliyejifunza kusoma katekisimu aliweza pia kusoma barua ya mwanawe aliyekwenda kufanya kazi mbali. Aliweza kusoma mizani ya pamba na kujua kama ameibiwa. Moto uleule, vyungu vingi.

Tena hawakuwa na haraka. Lavigerie aliweka kanuni: aliyetaka kubatizwa angojee miaka 4 akijifunza. Miaka 4! Mtoto anayeanza darasa la kwanza anafika la nne. Ndani ya miaka hiyo mtu alikaa, akasikiliza, akasoma.

"Aliyefundisha ni padre?"

Rimu likanyamaza kidogo. Upepo ukalitikisa. Halafu likasema polepole, "Hilo ndilo swali ulilokuja nalo, ingawa hukujua. Padre alikuwa mmoja na vijiji vilikuwa vingi. Aliyefundisha alikuwa katekista."

Katekista ni nani? Ni kijana wa Kisukuma, au wa kabila jirani, aliyesoma miaka michache misheni. Hakuwa msomi mkubwa. Alikuja na kitabu alichokifunga kwenye kitambaa kisilowe. Aliomba ruhusa kwa mtemi au kwa mzee wa kijiji. Akaonyeshwa mti. Basi. Mti ukawa shule.

"Ubao ulikuwa wapi?"

"Hapakuwa na ubao. Palikuwa na vumbi. Waliandika *a* kwa kidole, upepo ukafuta, wakaandika tena."

Leo chaki zinatengenezwa hapohapo Maswa, na vijana wetu wenyewe. Siku zile kidole kilikuwa chaki na ardhi ilikuwa ubao. Napenda mlikumbuke jambo hilo mnaposhika chaki nyeupe ya kwetu.

Na katekista huyo alifanya kazi ngapi! Alifundisha herufi asubuhi. Alitembelea wagonjwa jioni. Jumapili padre asipofika, na mara nyingi hakufika, yeye ndiye aliyesalisha. Aliamua ugomvi wa mipaka. Alizika. Malipo yake yalikuwa madogo, kwa hiyo alilima shamba lake kama wengine. Vitabu vina majina ya maaskofu wote, na ni haki yao. Lakini fungua vitabu hivyo umtafute kijana aliyekaa chini ya mkwaju huu. Humpati. Mimi mjomba wenu jambo hili linaniuma. Nyumba inasifiwa kwa paa lake, na aliyechimba msingi hatajwi.

"Jina lake nani?" Kabula akauliza.

"Mkwaju unalijua," rimu likasema. "Mimi sijaambiwa bado."

Wakatoliki hawakuwa peke yao, na tusiwasahau majirani. Kule Nassa, ambako leo ni wilaya ya Busega, palikuwa na misheni ya Waprotestanti. Mwaka 1909 ikashikwa na Africa Inland Mission, ambao kanisa lao leo mnaliita AIC. Nao walifundisha kusoma. Kila upande uliutamani mti wa upande mwingine. Aliyepata faida ni mtoto.

"Je, watoto wote walikwenda?"

"La. Ng'ombe walikuwa wanahitaji mchungaji."

Msicheke, wapwa zangu. Kwa Msukuma, ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni jina la mtu. Baba aliyemtoa mtoto kwenye kundi na kumpeleka kwenye vumbi la herufi alikuwa anatoa kitu anachokijua ili apate kitu asichokijua. Wengi walikataa, na sababu walikuwa nazo. Wengine walimpeleka mmoja, wakawabakiza watatu machungani. Na wasichana? Wasichana walipita kwa mbali na ndoo kichwani, wakisikia nyimbo za herufi. Wapo waliojifunza kwa kusikia tu. Fikirini akili ile!

Kisha Wajerumani waliokuwa wakitutawala wakaondoka, Waingereza wakaja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 serikali yao iliamua kuzisaidia kwa fedha shule za misheni, lakini zile tu zilizokuwa na walimu waliofuzu na zilizofuata mtaala wake. Shule ya chini ya mti haikupata hata senti. Ni kama ufugaji: ng'ombe wa maziwa alipewa pumba, ndama mwembamba akaambiwa ajitafutie majani. Lakini ndama huyo ndiye aliyekuwa karibu na watu.

"Sasa," rimu likasema, "nakupa habari ya kujivunia. Mwaka 1950 Kanisa lilikata eneo hili likalipa jina lake lenyewe. Unajua jina gani? Maswa."

"Maswa yetu?"

"Maswa yenu! Shinyanga lilikuja baadaye. Mwaka 1956 ndipo likawa Jimbo la Shinyanga, na askofu wake wa kwanza akawa Edward McGurkin, Mmarekani wa shirika la Maryknoll."

Wamaryknoll hao walipokea kazi kutoka kwa Mapadre Weupe katika miaka hiyo ya 1950. Walijifunza Kisukuma, wakasalimia "mwangaluka" kama sisi. Mwaka 1975 uaskofu ukapokelewa na mwenyeji, Castor Sekwa. Njia ya ng'ombe mnaijua? Anapita mmoja, majani yanalala. Wanapita kumi, inakuwa njia. Baadaye mikokoteni, baadaye magari. Shule zilikua hivyo: mti, kisha banda la nyasi, kisha tofali na bati.

Lakini ngoja, tusikimbie. Njia ile ilifika kwenye kona kubwa.

Mwaka 1969 sheria mpya ya elimu ilitungwa, na shule za misheni zikataifishwa. Yaani zikawa za serikali, za watu wote.

"Nani alizichukua? Mtu aliyechukia Kanisa?"

Swali gumu, na zuri. Hapana, Kabula. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere wa Butiama, si mbali na kwenu. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Alifundisha Mtakatifu Maria, Tabora, kisha Pugu, na zote zilikuwa shule za Kanisa. Na Pugu yake nayo ikataifishwa.

Aliona hivi. Uani kuna chungu cha uji, na watoto wa nyumba kumi wana njaa. Chungu ni cha nyumba moja. Mtoto wa Kiislamu anasimama pembeni. Mtoto wa mganga wa jadi anasimama pembeni. Mwalimu akasema, chungu kiwekwe katikati. Waliokifinyanga walihuzunika, maana walikifinyanga kwa jasho. Ningekuwepo ningewapa pole. Lakini nawaambia wazi, kuwakusanya watoto kwenye chungu kimoja kulikuwa jambo jema.

Seminari hazikuguswa, kwa sababu zilikuwa zinaandaa mapadre. Hata leo Maswa kuna seminari ya Shanwa, ambako wavulana wengi wa jimbo wamesoma.

Halafu mwaka 1974, pale Musoma, chama cha TANU kikaazimia kila mtoto asome. Kila kijiji! Wazazi wakabeba mawe, wakafyatua matofali. Hapa kwetu waliulizana shule ijengwe wapi. Mzee mmoja akaonyesha kwa fimbo: pale, penye mkwaju, ambapo watu wamezoea kusoma.

"Na hapo," rimu likasema, likajitikisa kwa furaha, "ndipo nilipookotwa kando ya njia na kutundikwa."

Ngo! Ngo! Ngo!

Yaliyofuata mnayaona kwa macho. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano kuhusu elimu na afya, na Kanisa likaendelea kujenga shule zake upya. Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ukazaliwa, ukiwa na wilaya 5: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Katika sensa ya 2022 watu wake walizidi milioni 2, na wengi wao ni ninyi, watoto. Shule za Kanisa za leo zina mabweni, maabara na sare zinazong'aa. Zinafundisha vizuri, nami nazipenda. Ila kuna ada, na baba wengine huuza ng'ombe wawili, watatu, kila mwaka. Nikimkumbuka yule kijana na kitabu chake kwenye kitambaa, natamani kila shule ya namna hiyo iwe na viti kadhaa kwa mtoto asiye na ng'ombe wa kuuza.

Jua lilikuwa linazama. Kabula akasimama, akajifuta vumbi.

"Hujanijibu," akaliambia rimu. "Nani alikuwa wa kwanza?"

"Nimekuambia, mkwaju unajua. Na siku zile msichana mmoja mwenye ndoo alikuwa akipita hapa kila asubuhi. Alipunguza mwendo kila alipofika kivulini."

Kabula akakimbia nyumbani. Akamkuta bibi yake mlangoni akipepeta mtama.

"Bibi, yule katekista wa pale kwenye mkwaju aliitwa nani?"

Bibi akaweka ungo chini. Akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Kisha akainama, akasawazisha vumbi kwa kiganja, na kwa kidole akaanza kuandika.