Dakika Moja ya Kifua cha Mtoto

Mkono wake haukumgusa mtoto. Hilo ndilo lililonikaa. Mhudumu wa afya wa kijiji, umujyanama w'ubuzima, aliketi mkekani nyumbani kwa watu huku Kabuga, mashariki mwa Kigali, fulana ya mtoto wa miezi 8 imepandishwa hadi kwapani, macho yake yameganda pale mbavu zinapokutana na tumbo. Hamtazami usoni, alinieleza baadaye, kwa kuwa mtoto akijua anatazamwa hubadili pumzi. Hamwekei kiganja kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa akihesabu pumzi; alifika 31, mtoto akapiga chafya. Akaanza upya. Akamwomba mama amnyonyeshe kwanza, asinzie, ndipo akahesabu dakika nzima: 47.

Kwa umri huo, pumzi 50 kwa dakika ndizo zinazotangaza nimonia. Pumzi 3 tu zilisimama kati ya mtoto yule na vidonge vya amoksisilini.

Nikamweleza habari za rada inayohesabu pumzi bila kugusa. Chombo kidogo hurusha mawimbi ya redio kifuani na kuyapokea yakirudi. Mawimbi ya gigahezi 60 yana urefu wa milimita 5, hivyo kifua kikisogea hata kidogo, mwangwi hubadilika. Pumzi hukisogeza milimita kadhaa. Pigo la moyo, chini ya nusu milimita. Nguo haizuii, wala blanketi. James Lin aliandika juu ya kupima pumzi hivi tangu 1975, na mwaka 2015, baada ya tetemeko la Nepal, chombo cha NASA kiitwacho FINDER kilisaidia kuwapata wanaume 4 waliofukiwa na kifusi.

Hakushangaa nilivyotaraji. Kupima bila kugusa, kwake, ni kazi ya kila siku. Alitaka kujua mengine: mtoto akifurukuta je? Akiwa kifuani pa mama, kitahesabu kifua kipi?

Nilijikuna kichwa. Kufurukuta ndiko kunakoisumbua rada pia. Watu wawili waliokaa mbali kwa mbali inaweza kuwatenganisha. Waliokumbatiana ni taabu. Na watoto wagonjwa wa Kabuga hukaa wapi, kama si kwa mama zao?

Ile 47 bado ilikuwa inamkera. Huenda alipepesa macho. Akarudisha saa sifuri, akainama.

Mtoto alikuwa ameamka, anamtazama.