Ni Nani Aliyetangulia Kuvumbua Cherehani?

Karibu kila mji twasikia sauti ya cherehani barazani kwa fundi. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa chombo hiki kilileta daawa kubwa huko Marekani, na ya kuwa hukumu yake ina funzo kwa kila fundi.

Kwanza yatupasa kueleza maana ya hati ya uvumbuzi. Mtu aliyebuni chombo kipya hukichora na kukieleza mbele ya serikali. Serikali ikiridhika humpa hati, na kwa miaka iliyowekwa hapana mwingine awezaye kukitengeneza wala kukiuza pasipo ruhusa yake. Basi wakitokea wawili, kila mmoja akisema, "Mimi ndimi wa kwanza," ndipo ushahidi utakiwapo.

Tarehe 10 Septemba 1846 Elias Howe alipewa hati ya cherehani yake. Sindano ya mkono ina tundu upande usio na ncha. Sindano ya Howe ilikuwa na tundu karibu na ncha. Ilipopenya nguo iliupeleka uzi upande wa pili ukafanya kitanzi, na uzi mwingine ukapita ndani yake, nyuzi mbili zikashikana. Baadaye Isaac Singer, aliyepata hati yake mwaka 1851, aliuza cherehani zenye ushonaji wa namna hiyo. Howe akamshtaki.

Ili kujitetea, Singer alitafuta mtu aliyemtangulia Howe, akampata Walter Hunt wa New York. Huyu alikuwa ametengeneza cherehani ya namna ile yapata mwaka 1834, lakini hakuiombea hati. Alipoomba, mwaka 1853, miaka karibu ishirini ilikuwa imekwisha pita. Mwaka 1854 mkuu wa ofisi ya hati alikubali ya kuwa Hunt ndiye aliyetangulia. Hata hivyo aliamua kwamba, kwa kuuacha uvumbuzi wake muda mrefu hivyo, Hunt hakuweza tena kumwondolea Howe haki yake. Hati ya Howe ikasimama, na mwaka ule ule Singer akamlipa dola 15,000. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Siku zile sheria ya Marekani ilimtazama aliyetangulia kuvumbua. Tangu tarehe 16 Machi 2013 humtazama mvumbuzi aliyetangulia kupeleka ombi. Lakini michoro yenye tarehe haikupoteza faida, kwa kuwa yaweza kuonyesha kwamba mwenzako aliyekutangulia ofisini aliichukua fikira kwako.

Basi tukibuni kitu, tukichore siku ile ile katika daftari, tutie tarehe, na mtu mwaminifu aelewaye kazi hiyo atie sahihi yake. Kisha tusikawie kuomba hati, wala tusikionyeshe sokoni kabla ya kuiomba. Hunt alikuwa na akili ya kutosha kuwatangulia wenzake, lakini haki ilikwenda kwa yule aliyeidai mapema.