Marguerite hakupanda mulima wetu

Wandugu wachimbaji, mulima mrefu kupita yote ya Congo hauko hapa kwetu Katanga. Uko Ruwenzori, territoire ya Beni, Nord-Kivu, na mupaka wa Uganda unapita juu ya kilele chenyewe. Mita 5.109! Katika Afrika, Kilimanjaro na Mulima Kenya tu ndiyo inaupita. Karibu na ekweta vile, lakini barafu iko juu, na kila mwaka inapungua. Maji ya upande wetu yanashuka mpaka muto Semliki.

Kwenye karata kile kilele kinaitwa Pic Marguerite. Huyu Marguerite ni nani? Malkia wa Italia. Tarehe 18 Juni 1906, Luigi wa Savoia, Duc des Abruzzes, alifika kule, akakipa jina la muke wa baba yake mukubwa. Kilele cha jirani akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Mulima wenyewe ukapata jina la Stanley.

Lakini masanduku ya yule muzungu hayakupanda yenyewe. Yalibebwa na watu wa pale, Bakonzo, wandugu wa Banande wa kwetu. Wao tayari walikuwa na jina: Rwenzururu, pahali pa barafu. Na kwao huko juu ni kwa Kitasamba, mungu wa mulima. Majina ya wale wabeba mizigo hayako kwenye karata yoyote.

Sisi hadithi hii tunaijua. Likasi iliitwa Jadotville. Mine ya Kipushi iliitwa Prince Léopold. Étoile, wazee waliiita Kalukuluku mbele ya kompanyi kufika. Na sisi wa sendika tumezika wandugu ambao ndani ya ripoti ya aksida walikuwa matrikule tu, lakini jina la injinia liliandikwa muzima.

Wakati wa Mobutu, Stanley akaondolewa, mulima ukaitwa Ngaliema. Tulipiga makofi. Lakini Ngaliema alikuwa chifu wa kule Kinshasa, hakuwa muntu wa Beni. Jina lilitoka mbali tena.

Juzi, kambini, mutoto mumoja alikuwa anasoma somo lake la jiografia. Akatuuliza: «Baba, Marguerite alifika huko juu?» Tukamwambia hapana. Akauliza tena: «Sasa nani alibeba mizigo?»