Ng'ambo ya Mombasa katika Picha za Zamani

Mtu akikusanya picha za zamani za Mombasa, ataona upesi kwamba nyingi zilipigwa kisiwani: Ngome ya Yesu, majahazi bandarini, Ndia Kuu, na vile vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Kisauni, Changamwe na Likoni huonekana kwa mbali tu, mstari wa minazi ng'ambo ya maji. Mpiga picha alivuka aghalabu pale palipokuwa na jambo la wageni la kuonyeshwa, kama vile misheni, reli au daraja. Kwa hiyo anayetaka kujua habari za mitaa ya bara hana budi kuzitazama picha hizo pamoja na mzee aliyekaa mahali penyewe.

Tuanze Kisauni. Mwaka wa 1875 misheni ya C.M.S. ilianzisha kijiji huko kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kikaitwa Frere Town, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, ambaye mwaka wa 1873 alitumwa Unguja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ile. Waliokaa kijijini walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, pamoja na Wabombei, yaani Waafrika waliolelewa na kusomeshwa India baada ya kukombolewa.

Picha za misheni za siku hizo zawaonyesha watoto waliopangwa safu, wamevaa nguo nyeupe, nyuso zimekazwa. Mara nyingi maneno ya chini husema kwamba ni watumwa waliokombolewa, wala hapana jina hata moja. Picha hizo zilipelekwa Uingereza zionwe na watu waliotoa sadaka, na kwa kazi hiyo majina hayakuhitajiwa. Lakini kwa wajukuu wa Frere Town jina ndilo jambo lenyewe. Mtoto aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa alifika Kisauni bila ndugu, akabatizwa kwa jina jipya. Ikiwa jina lake la kwanza halikusimuliwa nyumbani, basi limekwisha. Ndiyo sababu kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka wa 1934, kina thamani kuliko albamu kumi. Baba yake alikuwa mmoja wa watu hao, na mwana aliyaandika mambo kabla hayajapotea.

Kengele ya kijiji nayo yajulikana sana. Ililizwa kuwaonya watu kwamba maadui wanakuja kuwarudisha utumwani. Mahali pale paliitwa Kengeleni, na hata leo makanga wa matatu hulitangaza jina hilo mchana kutwa, ijapokuwa abiria wengi hawaulizi ni kengele gani.

Picha nyingine ya upande huo ni ya daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1931. Lilielea juu ya maboya, nalo lilikuwa la kampuni iliyotoza ushuru. Daraja hilo lina sifa isiyoonekana pichani. Kampuni iligombana na Serikali kwa sababu ya ushuru wa magari ya jeshi, na kesi ikafika London mwaka wa 1955. Huko Jaji Denning aliifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni, ambao hauwezi kuchukuliwa kutoka Uingereza na kupandwa Afrika bila ya kutunzwa kwa namna yake. Wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi husoma maneno hayo hata sasa, nao wengi hawajui Nyali iko wapi! Daraja la sasa, lisiloelea, lilifunguliwa mwaka wa 1980.

Tukiuzunguka mji kwa upande wa magharibi twafika Makupa. Reli ya Uganda ilipoanza mwaka wa 1896, kazi kubwa ya kwanza ilikuwa kuyavuka maji hayo. Lilijengwa daraja la miti kwa muda, kisha la chuma lililopewa jina la Lord Salisbury. Baadaye likaja tuta lililozuia mkondo wa bahari, mpaka lilipofunguliwa daraja jipya mwaka wa 2022. Ng'ambo yake ndiyo Changamwe, stesheni ya kwanza ya bara. Atazamaye picha za reli peke yake angedhani Changamwe ilizaliwa na gari la moshi. Sivyo. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa, na walikuwa watu wenye neno katika mambo ya Mombasa karne nyingi kabla ya reli.

Wageni wa Chaani, Magongo na Mikindani walifuata kazi ya reli, ya bandari, na ya kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuacha kusafisha mwaka wa 2013. Picha zao ni za studio: kijana mbele ya pazia, mkono wenye saa umewekwa mbele ili watu wa nyumbani waione.

Likoni ndiyo yenye picha chache, ila za kivuko. Feri zilianza mwaka wa 1937, na kabla yake watu walivushwa kwa mashua. Karibu nayo, Mtongwe, feri ilizama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Nyumba nyingi za kusini zina picha ya mtu wa siku hiyo ukutani.

Tena Likoni yafundisha namna nyingine ya kutazama. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka watu wa pwani waandikishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi hawakudai, na wajukuu wao wakaitwa maskwota. Basi mzee wa huko akipewa picha ya arusi hatazami sana nyuso. Huangalia nyuma yake: mwembe huu ni upi, kisima kile ni cha nani, kaburi lile lazungukwa na ukuta wa nani. Aliye na picha ya namna hiyo na ampelekee mzee mwezi huu huu, aandike kwa penseli laini mgongoni mwake majina ya watu, ya miti na ya mahali, na mwaka kama wajulikana. Wino hupenya na kuharibu picha.