Pumzi ya Taratibu, Vidonge kwa Wakati: Shinikizo la Damu kwa Wazee wa Shanwe

Katika kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda, kama ilivyo kwingineko nchini, mzee aambiwapo kuwa ana presha huwa na maswali mawili: vidonge vitamezwa hadi lini, na je, hakuna njia nyingine? Swali la pili halifai kupuuzwa. Asiyejibiwa kliniki hutafuta jibu kwa jirani, na mara nyingi jibu hilo humshawishi aache dawa.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa karibu watu saba kati ya kumi wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua, kwa kuwa maradhi haya hukaa kimya hadi yanapoleta kiharusi, au yanapouathiri moyo au figo.

Kadiri umri unavyosonga, mishipa ya damu hukakamaa. Hofu na msongo wa mawazo huzidisha mzigo huo: mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio na mishipa hubana. Tiba ya utulivu hulenga kuugeuza mwenendo huo, na yaweza kufanyika nyumbani bila gharama.

Njia ya kwanza ni pumzi. Mzee huketi kwa starehe, huvuta hewa puani akihesabu hadi nne, kisha huitoa polepole akihesabu hadi sita. Hivyo hupumua takriban mara sita kwa dakika, kwa muda wa dakika kumi. Asizuie pumzi, na akihisi kizunguzungu arudie upumuaji wake wa kawaida.

Njia ya pili ilibuniwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu hukaza kundi moja la misuli kwa sekunde chache, kisha huilegeza: huanzia miguuni, hupanda tumboni, mikononi na mabegani, hadi usoni. Penye kidonda au kiungo kinachouma, misuli isikazwe.

Je, njia hizi zafaa kwa kiasi gani? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 25 yenye washiriki 1,198. Shinikizo la juu, yaani namba ya kwanza katika kipimo, lilipungua kwa wastani wa milimita 5.5 za zebaki, na la chini kwa milimita 3.5. Hata hivyo, utulivu ulipolinganishwa na tiba ya kuigiza tu, tofauti haikuwa ya kuaminika. Kwa hiyo tiba ya utulivu ni msaidizi wa dawa; haichukui nafasi yake. Kipimo kikishuka, ni mtoa huduma atakayeamua kama dozi ipunguzwe.

Kwa watoa huduma, utulivu huanzia kwenye kipimo chenyewe. Mzee aamkiwe kwa heshima, apumzike dakika tano akiwa ameketi, mgongo umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa usawa wa moyo. Asiwe ametoka kuvuta tumbaku wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Namba 140/90 au zaidi zihakikishwe kwa kipimo cha siku nyingine kabla ya kumwita mtu mgonjwa, isipokuwa pale zinapokuwa juu mno.

Ushauri wa lishe nao usisahaulike: chumvi ipunguzwe, na magadi yanayolainishia maharage au mlenda yahesabiwe pamoja nayo, kwani yana sodiamu pia.

Maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kupita kiasi, macho kupoteza nuru, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea si mambo ya kutuliza kwa pumzi. Mzee mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.